Dawa ya magugu ndani ya maji: Makaa husaidia, lakini si kwa kila kitu

Mvua za masika zikianza kunyesha katika sehemu zetu hizi, wagonjwa wangu nao hubadilika. Wakati wa kiangazi huja na kikohozi na macho mekundu kwa sababu ya vumbi. Ikifika Aprili na Mei, huja wameshika matumbo.

Ilikuwa msimu kama huo alipoingia mama mmoja katika zahanati yangu mjini Bungoma, amembeba mvulana wa miaka 4. Mama huyo ni mwalimu, anaishi viungani mwa Kitale, na alikuwa amekuja Bungoma kumwona mamake mzazi. Mtoto alikuwa akiharisha kwa siku ya tatu, kinyesi kina damu kidogo, na macho yamezama. Nilimuuliza swali ambalo kila daktari wa huku huuliza: nyumbani mnakunywa maji gani?

"Daktari, shida haiwezi kuwa maji," akanijibu. "Sisi tulinunua chujio la makaa. Tena la bei."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kisima chao kimepakana na shamba la mahindi la jirani. Kila mwaka, siku chache baada ya kupanda, jirani huyo hupulizia dawa ya kuua magugu. Mama alianza kuiogopa dawa hiyo, na hofu yake ilikuwa na msingi. Akanunua chujio lenye makaa meusi ndani, naye muuzaji akamhakikishia kwamba linaondoa kila kitu. Tangu siku hiyo akaacha kuchemsha maji, na ile chupa yake ya klorini akaipandisha juu ya kabati.

Maabara ilionyesha amiba. Tulimpa mtoto maji ya ORS, vidonge vya zinki na dawa ya amiba, na baada ya siku chache alikuwa akikimbiza kuku wa nyanyake. Lakini maneno ya mama yule hayakunitoka. Chujio lake halikuwa bovu. Lilikuwa likifanya kazi yake barabara, ila kazi hiyo siyo ile aliyoambiwa na muuzaji. Kwa kuwa wengi mjini Kitale na hapa Bungoma sasa wanayanunua machujio ya namna hii, nimeona tulizungumze jambo hili kwa kituo.

Magugu, miwa na mahindi

Mtu anayeijua Trans Nzoia hahitaji kuelezwa juu ya mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956, na hadi leo mazungumzo ya mji huo mwezi wa Machi ni mbegu, mbolea na mvua. Ukiteremka kuja Bungoma, mahindi yanachanganyika na miwa. Kati ya sehemu hizi mbili hupita Mto Nzoia, ambao maji yake hutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, ukapita Webuye na Mumias hadi Ziwa Victoria. Mito midogo kama Kuywa na Kamukuywa huuongezea maji njiani. Kinachomwagwa shambani huko juu kina njia ya kuteremkia huku chini.

Zamani palizi ilikuwa kazi ya jembe na nyimbo. Siku hizi vibarua ni ghali, watoto wako shuleni, na mtu mmoja mwenye bomba la mgongoni humaliza ekari moja kabla ya chai ya saa nne. Simlaumu mkulima. Nina ekari mbili za mahindi upande wa Ndivisi, na mimi pia hupulizia. Kwa hivyo msomaji asidhani namnyooshea mtu kidole.

Dawa hizi si moja. Kwenye mahindi hutumika sana atrazini, mara nyingi ikiwa imechanganywa na nyingine ndani ya chupa moja. Kuna 2,4-D kwa magugu ya majani mapana. Kuna glaifoseti, ambayo wengi huijua kwa jina la Roundup, inayopulizwa kabla ya kupanda. Kwenye miwa zimetumika ametrini, diuroni na heksazinoni. Kila moja ina tabia yake, na tabia hizo ndizo zinazoamua kama chujio lako litakufaa.

Glaifoseti hushikana na udongo kama tope kwenye gamubuti. Ikiingia mtoni, mara nyingi huingia pamoja na udongo wenyewe. Atrazini haishiki udongo kwa nguvu hivyo. Imetengenezwa ikae kwenye udongo wa juu kwa majuma kadhaa, iue magugu yanapochipuka. Mvua kubwa ikinyesha kabla ya muda huo kwisha, sehemu yake huyeyuka na kufuata maji. Ndiyo sababu mvua kubwa ya kwanza au ya pili baada ya kupulizia ndiyo ya kuangaliwa. Maji ya kisima hicho hicho mwezi wa Januari yanaweza kuwa safi kabisa.

Hata hivyo udongo nao una wafanyakazi wake. Katika mwaka wa 2009 wanasayansi walichapisha habari za bakteria waliopatikana katika udongo wa mashamba ya miwa ya hapa magharibi mwa Kenya, mashamba yaliyokuwa yamepuliziwa atrazini kwa miaka mingi. Vijidudu hivyo vilikuwa vimejifunza kuila ile dawa na kuivunjavunja. Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Lakini bakteria hao wanahitaji muda, na mvua ya Aprili haingoji mtu.

Je, inadhuru?

Kwa kiasi kinachoweza kupatikana kisimani au mtoni, hutaona mtu akianguka baada ya kunywa gilasi moja. Wasiwasi wetu ni wa kunywa kidogo kidogo kwa miaka mingi, hasa kwa mama mjamzito na kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya mkebe, kwa maana mtoto huyo hunywa maji mengi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake kuliko mtu mzima. Katika majaribio ya panya, atrazini ilivuruga ishara ambayo ubongo hutuma kwa ovari. Juu ya glaifoseti, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, ulisema mwaka wa 2015 kwamba huenda inasababisha saratani kwa binadamu, ingawa taasisi nyingine kubwa za kudhibiti dawa za shambani hazikukubaliana na uamuzi huo.

Kuhusu viwango, msomaji atachanganyikiwa, na ana haki. Nchi za Muungano wa Ulaya husema dawa yoyote ya shambani isizidi mikrogramu 0.1 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Marekani huruhusu mikrogramu 3 za atrazini. WHO zamani ilisema 2, kisha mwaka wa 2011 ikapandisha hadi 100, kwa kujumlisha atrazini na mabaki yake yanayofanana nayo. Sasa nani mkweli? Wote wana hoja. Wazungu wa Ulaya hawakupiga hesabu ya sumu. Walisema tu kwamba dawa za shamba hazina haki ya kuwa ndani ya maji, na mwaka wa 2004 waliiondoa atrazini sokoni kwao. WHO nayo ilipiga hesabu kutokana na majaribio ya wanyama, ikaongeza nafasi kubwa ya usalama. Kwa maoni yangu, mtu mzima mwenye afya hana sababu ya kukosa usingizi. Mama mwenye mimba na kisima kando ya shamba ana sababu ya kuchukua hatua, na hatua hiyo si ya kuacha klorini.

Jambo moja nataka lieleweke sana: kuchemsha hakuondoi dawa hizi. Mvuke unapanda, dawa inabaki kwenye sufuria, tena katika maji yaliyopungua. Wala klorini haiiondoi atrazini. Hapo ndipo makaa yanapoingia.

Makaa ya hospitalini

Sisi madaktari tuna urafiki wa zamani na makaa haya. Mgonjwa akiletwa amemeza sumu ya aina fulani, na saa moja haijapita, twaweza kumkorogea gramu 50 za unga mweusi ndani ya maji anywe. Mtoto hupewa kama gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Midomo na meno vinakuwa vyeusi kama masizi, wauguzi wanalalamika juu ya mashuka, lakini sumu nyingi hunaswa tumboni kabla ya kuingia kwenye damu. Husimuliwa kwamba mfamasia Mfaransa aitwaye Touéry alimeza strikinini mbele ya madaktari wenzake mwaka wa 1831, akiwa ameichanganya na makaa, na akaondoka kwa miguu yake. Tafadhali, msomaji, mwachie yeye majaribio hayo.

Haya huitwa makaa amilifu. Hutengenezwa kwa kuni, kwa makaa ya mawe au, yaliyo mazuri kwa maji, kwa vifuu vya nazi kama vile vinavyotupwa huko Pwani. Kwanza huchomwa kukiwa na hewa kidogo, halafu hupikwa tena kwa mvuke wenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi. Mvuke huo hula ndani ya makaa na kuacha vitundu vidogo visivyohesabika. Ukiweza kuvikunjua vitundu vya gramu moja tu ya makaa mazuri, utapata ukuta wa mita 1,000 za mraba. Kijiko kikubwa kimoja kingetandazwa juu ya uwanja mzima wa mpira.

Watu hudhani makaa huchuja kama kitambaa, yaani uchafu mkubwa unakwama na mdogo unapita. Sivyo. Chembe za dawa hunata kwenye kuta za vile vitundu. Na si kila chembe hunata. Zile zisizopenda maji sana, kama vile mafuta yasivyopenda maji, hukimbilia kwenye makaa na kutulia hapo. Atrazini ni mojawapo, na diuroni vilevile. 2,4-D hunaswa pia, lakini si kwa nguvu sana, kwa hivyo makaa huchoka mapema.

Glaifoseti ni habari nyingine. Hiyo hupenda maji kupita kiasi, nayo hupita kwenye makaa kama mtu apitaye sokoni bila pesa. Mzigo wake mwingi huondoka pamoja na tope maji yanapotulizwa na kuchujwa kwa mchanga, na kinachobaki huvunjwa na klorini. Ndiyo, klorini ile ile iliyokuwa juu ya kabati la mwalimu.

Halafu kuna mbolea. DAP na CAN huacha naitreti kwenye maji ya visima, na naitreti nyingi humdhuru mtoto wa chini ya miezi sita kwa kuizuia damu yake kubeba oksijeni, hata ngozi ikawa ya samawati. WHO imeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Makaa hayanasi naitreti hata kidogo. Hayanasi chumvi, wala floridi, wala hayaui amiba. Kwa kweli, makaa yenye unyevu yakikaa siku nyingi huwa nyumba nzuri ya bakteria. Wana mahali pa kujishika, wana chakula kilichonaswa, na klorini ambayo ingewaua imekwisha kumezwa na makaa yenyewe.

Hapo msomaji ameona kosa la mwalimu wetu lilikuwa wapi. Makaa ni ya kemikali fulani. Klorini au moto ni wa vijidudu. Hakuna kimoja kinachoshika zamu ya mwenzake, na kama una pesa za kimoja tu, nunua klorini. Nimewapoteza watoto kwa kuharisha, na katika miaka yangu yote sijapata kuandika atrazini kwenye cheti cha kifo.

Mpangilio nao ni muhimu. Acha maji yatulie, yapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa au kwenye mchanga ili tope libaki, kisha makaa, halafu mwisho kabisa klorini au moto. Ukitia klorini kwanza na kupitisha kwenye makaa baadaye, umeitupa klorini. Wenzetu wanaochota kwenye chemchemi zenye vile visanduku vya kudondoshea klorini, ambavyo viko vijiji vingi vya magharibi, wakumbuke hili hasa: maji yaliyotiwa klorini kule kwenye chemchemi, yakipita kwenye chujio la makaa nyumbani, yanatoka bila ulinzi wowote. Yatie tena, kwenye chombo chenye mfuniko.

Mwisho usioonekana

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Makaa hujaa. Vile vitundu vikishikwa vyote, dawa inayofuata hupita tu. Ubaya ni kwamba hutajua. Atrazini haina rangi wala harufu katika kiasi hicho. Wengine huniambia, "Daktari, mimi huonja, ladha ya klorini ikirudi ndipo nabadilisha." Hilo halitoshi. Makaa huimeza klorini kwa muda mrefu sana, hata miaka, lakini nafasi ya dawa za shamba inaweza kwisha katika miezi michache. Maji yatakuwa matamu kama ya mlimani ilhali ulinzi umekwisha zamani.

Kwa hivyo fanya hesabu. Soma kwenye pakiti chujio limepimwa kwa lita ngapi. Kama wamesema lita 1,000, na nyumba yenu ya watu sita hutumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika, siku zenu ni 33. Si mwaka mmoja. Na lita hizo zilipimwa kwa maji maangavu ya maabara. Maji ya Mei yenye rangi ya chai yamejaa uchafu wa majani na udongo unaogombania vitundu hivyo hivyo, kwa hivyo punguza.

Tena angalia alama. Yako machujio yaliyotengenezewa kuondoa ladha mbaya na harufu peke yake. Kwa mtindo wa upimaji wa Marekani, hayo huandikwa NSF/ANSI 42. Yaliyopimwa kwa mambo ya afya huandikwa NSF/ANSI 53, na karatasi iliyo ndani hutaja kemikali moja moja. Tafuta neno "atrazine" kwenye karatasi hiyo. Ikiwa halipo, muuzaji anakuuzia matumaini.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: makaa ya jikoni je? Nikiyasaga na kuyatia kwenye ndoo?

Jibu langu huwa fupi kwa mtu wa mjini: usijisumbue. Makaa ya tanuri la udongo huchomwa kwa joto la chini, vitundu vyake ni vichache, na yana lami na majivu ambayo hutaki kuyanywa. Lakini ningedanganya nikisema hayana kitu kabisa. Watafiti wa Marekani waliofanya kazi na wakulima wa kaskazini mwa Thailand walijaribu makaa ya namna mbalimbali dhidi ya 2,4-D, wakachapisha matokeo mwaka wa 2014. Waliona kwamba kadiri moto ulivyokuwa mkali ndivyo makaa yalivyonasa zaidi, na yale ya jiko maalum la gesi ya kuni, lenye joto la nyuzi mia nane au zaidi, yalikuwa bora kwa mbali kuliko ya tanuri la kawaida. Wao huyatia kwenye mapipa, yakitanguliwa na kokoto na mchanga, na maji hupita polepole. Ni kazi ya shule au ya kikundi cha kijiji chenye fundi anayejua anachofanya, wala si ya sufuria yako jikoni.

Na huo mwendo wa polepole si bure. Dawa inahitaji muda kuingia ndani ya vitundu. Katika mitambo ya miji inayotumia makaa ya chembechembe, maji huachwa yakae ndani ya makaa kwa dakika 10 hadi 20 hivi. Chembe za makaa kubwa kama maharagwe, na maji yanapita mbio, ni pambo.

Wale wa maji ya mfereji

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnakunywa maji ya mfereji, na mnaweza kudhani haya ni ya watu wa visima. Taabu ni kwamba mtambo wa kawaida, wenye shabu ya kutulizia tope, mchanga wa kuchujia na klorini ya kuua vijidudu, haupunguzi atrazini kwa kiasi cha maana. Ikiwa mto uliiingiza mtamboni, nyingi itatoka nayo.

Hili si tatizo letu peke yetu. Katika majimbo ya mahindi ya Marekani, kama Iowa, Illinois na Ohio, limejulikana kwa miaka mingi. Miji mingi huko haikujenga mitambo mipya. Mwezi wa Mei na Juni, dawa inapokuwa mtoni, wanamwaga unga wa makaa amilifu kwenye maji yanayoingia, unanasa dawa, kisha unatua chini pamoja na tope. Msimu ukipita wanaacha. Kipimo ni kama miligramu 5 hadi 20 kwa lita. Ukichukua 10, basi lita milioni moja za maji zinahitaji kilo 10 za unga. Mtambo wowote unaotumia shabu tayari una matangi ya kufanyia kazi hiyo. Unachohitaji ni gunia, mtu wa kupima na kalenda ya wakulima. Mwaka wa 2012 kampuni ya Syngenta, mtengenezaji mkubwa wa atrazini, ilikubali kulipa dola milioni 105 kwa mashirika mengi ya maji ya huko yaliyodai gharama za kuisafisha, bila kukiri kosa. Sijui kama mahindi yetu hunyonya dawa vizuri kuliko ya Ohio.

Ningependa diwani mmoja, wa Kitale au wa Bungoma, alichukue swali hili. Asiulize "je, maji yetu ni salama?" kwa kuwa ataambiwa ndiyo. Aulize: mara ya mwisho atrazini ilipimwa mwezi gani? Vipimo vya kila siku vya maji huangalia tope, klorini na vijidudu, na ni sawa viwe mbele. Dawa za magugu huhitaji mashine nyingine, kama zile zilizoko kwenye maabara ya KEPHIS jijini Nairobi, na Mkemia wa Serikali naye hupima sumu. Mtu binafsi, shule au hoteli yenye kisima pia inaweza kupeleka maji kupimwa kwa malipo. Taja dawa unayotaka ipimwe kwa jina. Uliza maabara ikupe chupa yake, kwa kawaida ya kioo cheusi, weka maji kwenye baridi na uyafikishe haraka. Na uyateke Aprili au Mei, baada ya mvua kubwa ya kwanza kufuata kupulizia. Maji ya Disemba yatakupa cheti kizuri cha kutundika ukutani.

Chupa na bomba

Kuna njia nyingine ambayo dawa huingia kwenye maji, nayo hainunuliwi chujio. Nimewaona vijana wakiosha mabomba ya kupulizia pale pale mtoni, na nimeona mitungi ya dawa ikiuzwa sokoni kama vyombo vya maji, imeoshwa ikang'aa. Chukua chupa ya dawa yenye gramu 500 za atrazini kwa lita. Mililita 10 zikibaki chini, ambazo ni vijiko viwili vya chai, hizo ni gramu 5. Kwa kikomo cha WHO zinatosha kuchafua lita 50,000 za maji. Kwa kikomo cha Marekani ni zaidi ya lita milioni moja na nusu. Kisima cha familia hakina maji kiasi hicho. Kwa parakwati sitaki hata kupiga hesabu: funda moja la dawa isiyochanganywa laweza kuua, na hatuna dawa ya kuizuia.

Chupa ioshwe mara tatu, maji yake yarudishwe ndani ya bomba yapulizwe shambani, kisha itobolewe isibebe kitu tena. Bomba lioshewe shambani, mbali na kisima. Na kati ya shamba na mto au kisima paachwe ukanda wa nyasi ambao haupuliziwi, ili wale bakteria niliowataja wapate nafasi ya kufanya kazi yao kabla ya maji kufika chini.

Yule mwalimu alipita tena zahanati mwezi wa Disemba akimleta mamake kupimwa shinikizo la damu. Mvulana alikuwa nje akipanda kila kitu. Klorini imeshuka kutoka kabatini, akanieleza, na amebandika karatasi kwenye chujio yenye tarehe na hesabu ya mitungi. Alizungumza na jirani pia. Wamekubaliana mistari sita ya mwisho ya mahindi, upande wa kisima, ipaliliwe kwa jembe, na yeye atachangia malipo ya kibarua. Lakini alikuwa na lalamiko moja. Chujio, alisema, siku hizi linadondosha maji polepole mno mpaka watoto wanachoka kungoja.

Nilimuuliza kama anayapitisha maji kwenye kitambaa kwanza. Akanyamaza kidogo. "Kitambaa nilikisahau, daktari," akasema.